Swali la Kumi na Moja

Fomu za maendeleo ni arobaini na nane.
Hisabati, Kiswahili, Sayansi nimezijaza kabla ya giza,
alama haina ugomvi: umepata, umekosa.
Lakini chini kabisa, kwa maandishi ya kubana macho:
Bidii. Usafi. Uaminifu. Kushirikiana na wenzake.
Hapo huwa nateremka na B,
B, B, B,
kama kibarua anayepanda mahindi ya mtu
bila kuitazama ardhi.

Wiki iliyopita tulikuwa Moshi mjini, semina ya mtaala mpya,
siku tatu, chai na sambusa mbili mbili.
Mwezeshaji kachora maduara matatu ukutani:
Maarifa. Maadili. Ustawi wa mtoto.
"Yanapokutana hapa katikati," akasema,
"ndipo anapokaa mwanafunzi."
Mwalimu Foya akaninong'oneza:
"Hapo katikati hapamtoshi hata mmoja,
na mimi darasani nina tisini na sita."
Tukacheka. Tukasaini posho.
Nikapanda Uru na kitabu kipya mapajani,
kinanuka gundi.

Sasa nimefika jina la ishirini na tisa.
Aikaruwa Mmari. Hisabati, kumi na nne kati ya hamsini.
Bidii:
mkono umekwisha kuandika D.

Anasinzia, huyu. Jumanne anasinzia, Ijumaa anasinzia,
shingo imelegea kama jani la mgomba saa saba mchana.
Mara mbili nimemsimamisha nyuma ya darasa,
akasinzia wima.

Kalamu ikasita.
Kwa sababu juzi usiku maji hayakunifikia.
Nilichukua tochi nikaufuata mfongo kwenda juu,
nikapita kahawa ya kina Temba, nikapita mabandani,
fimbo mkononi, namtafuta mwizi wa maji.
Na palipogawanyika mfongo, juu ya jiwe,
amejifunga kanga ya mama yake mabegani,
macho makavu kabisa:
"Shikamoo mwalimu. Zamu yako saa nane. Bado."

Alikuwa na kijiti chenye mikato sita.
Maji yakishika mkato wa nne, kina Temba nusu saa.
Yakishuka wa tatu, anawaongezea dakika kumi,
"maana yamepungua nguvu, siyo wao waliopunguza."
Bibi Ndeambiliasia hana wa kumlindia, basi anamlindia yeye,
tena anamzidishia kidogo,
"mfereji wake unavuja njiani, mwalimu,
nikimpa sawa na wengine nitakuwa nimempunja."
Kaka zake wako Mererani. Mama kifua.
Haya aliyasema kama mtu anayetaja tarehe.

Nikamuuliza, pale gizani, sijui kwa nini pale,
kuhusu swali la kumi na moja la mtihani wangu:
bomba la kwanza hujaza tangi kwa saa tatu,
la pili kwa saa sita,
yakifunguliwa pamoja litajaa baada ya muda gani?
Aliliacha tupu, hata namba moja hakuweka.
Akafikiri. Akachovya kijiti, akakitazama.
"Sikuelewa, mwalimu,
maji yote hayo ni ya nani."

D imekauka. Tumekatazwa kukwangua fomu.
Chini yake kuna nafasi ya maoni ya mwalimu,
upana wa vidole viwili,
ambayo kwa miaka kumi na tisa nimeijaza neno *Ajitahidi*.
Nimeandika:
*Alinipa maji yangu saa nane kamili, hayakupungua.*
Mama yake atasoma hili asielewe.
Mwalimu mkuu atasoma, ataniita.

Kitabu kipya kiko chini ya taa, nimefika ukurasa wa nne.
Kinasema vizuri. Sina ugomvi nacho.
Ila nimezirudia zile fomu ishirini na nane za mwanzo,
B zangu zimejipanga safi kama mche wa kitalu,
na jina la kwanza tu, Elinami,
anakaa dawati la mbele, mwaka wa pili sasa,
nimejaribu kukumbuka sauti yake
nimeshindwa.